Dhahabu 79, Zebaki 80: Chembe za Ndani ya Atomi katika Kiswahili cha Darasani

Mwaka jana nilikuwa Muyinga kukagua wanachuo wetu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Katika darasa la 9 la shule moja isiyo mbali na barabara iendayo Kobero, mwanachuo alikuwa anafundisha namna ya kulinganisha vitu viwili: hiki kinafanana na kile kwa jambo fulani, kinatofautiana nacho kwa jambo fulani. Wanafunzi walitunga sentensi juu ya mbuzi na kondoo, juu ya mihogo na viazi vitamu. Kijana mmoja akasimama akaanza yake: dhahabu na zebaki zinafanana kwa sababu zote mbili ni metali nzito, lakini zinatofautiana kwa... Akakwama hapo. Kisha akauliza, "Mwalimu, hasa zinatofautiana kwa nini?"

Swali halikuwa la utani. Kaka yake alikuwa amerudi kutoka machimbo ya ng'ambo ya mpaka na kichupa cha zebaki, na nyumbani kwao kulikuwa na ubishi iwapo zebaki ikichomwa huwa inakwisha au haikwishi.

Mwanachuo alimjibu kwamba swali hilo ni la somo la kemia. Kwa utaratibu wa shule jibu hilo halina kosa. Hata hivyo mimi niliyekuwa nimeketi nyuma na fomu ya tathmini niliona haya, maana kama ningeulizwa mimi, ningejibu vilevile. Kemia sote tuliisoma kwa Kifaransa, tukaikariri kwa Kifaransa, na tulipokuja kuwa walimu wa Kiswahili tukaiacha hukohuko. Niliporudi Gitega nilimtafuta mwenzangu anayefundisha kemia, nikakaa naye jioni mbili. Makala haya yametokana na jioni hizo. Yakiwa na kosa la kemia, ni langu. Yeye alifanya kazi yake.

Tuhesabu kwanza

Chukua kipande cha dhahabu, ukikate nusu, na nusu hiyo uikate tena, na tena. Utafika mahali ambapo ukikata mara moja zaidi, kilichobaki si dhahabu tena. Kipande hicho cha mwisho ambacho bado ni dhahabu ndicho atomi ya dhahabu. Kitu ambacho atomi zake zote ni za aina moja huitwa elementi: dhahabu ni elementi, zebaki ni elementi, chuma, shaba na risasi pia. Maji si elementi, kwa kuwa ndani yake mna haidrojeni na oksijeni zilizoungana.

Ndani ya atomi mna chembe za aina tatu. Katikati kuna kiini, na ndani ya kiini mna protoni na nyutroni. Nje ya kiini kuna elektroni. Protoni ina chaji chanya, elektroni ina chaji hasi, nyutroni haina chaji yoyote. Protoni na nyutroni zinakaribiana sana kwa tungamo, yaani wingi wa maada iliyomo, lakini elektroni ni nyepesi mno: protoni moja ina tungamo la elektroni zipatazo 1,836. Katika atomi ya dhahabu elektroni zote 79 zikiwekwa pamoja hazifikii sehemu moja ya elfu nne ya tungamo la atomi. Karibu uzito wote umo katika kiini.

Na kiini chenyewe ni kidogo kiasi gani? Mwenzangu alinipa mfano wa Uwanja wa Ingoma hapa Gitega. Weka punje moja ya haragwe katikati ya uwanja, pale mpira unapoanzishwa. Ikiwa punje hiyo ni kiini cha atomi ya dhahabu, basi elektroni za nje kabisa ziko umbali wa kama mita 100 kutoka hapo, yaani zimeshavuka magoli. Kati ya haragwe na mpaka huo kuna nini? Elektroni chache, na uwazi. Hata hivyo haragwe hilo ndilo lenye karibu uzito wote.

Sasa tunafika kwenye jibu la kijana wa Muyinga. Atomi ya dhahabu ina protoni 79. Atomi ya zebaki ina protoni 80. Idadi ya protoni, ambayo kwa Kiswahili tunaiita namba ya atomi, ndiyo peke yake inayoamua hii ni elementi gani. Kila atomi yenye protoni 79 ni dhahabu, iwe imechimbwa Butihinda, iwe imo katika pete ya bibi harusi Zanzibar. Ongeza protoni moja katika kiini, hiyo si dhahabu tena.

Wanafunzi huona ajabu kwamba tofauti ya protoni moja iweze kutoa vitu viwili visivyofanana hata kidogo. Dhahabu huyeyuka kwa nyuzi 1,064 za sentigredi, zebaki ni kimiminiko hata usiku wa baridi kali wa Mugamba, maana huganda kwa nyuzi 39 chini ya sifuri. Sababu iko kwenye elektroni. Atomi isiyo na chaji ina elektroni sawa na protoni zake, basi zebaki ina elektroni 80, moja zaidi ya dhahabu. Elektroni hukaa katika matabaka, na zile za tabaka la nje ndizo zinazoshikana na atomi za jirani. Dhahabu ina elektroni moja tu katika tabaka lake la nje, nayo huishiriki na wenzake kwa urahisi, kwa hiyo atomi za dhahabu hushikamana imara. Zebaki inazo mbili, zimekamilisha jozi. Tena protoni 80 zina mvuto mkubwa hata elektroni za ndani kabisa zinakwenda kwa zaidi ya nusu ya mwendo wa nuru, na jambo hilo linafanya jozi ya nje nayo ivutwe ndani na kubanwa. Atomi ya zebaki haina cha kumpa jirani. Ndiyo maana zebaki inateleza mezani, ikivunjika vishanga vishanga.

Majina yanayopotosha

Hapa sisi walimu wa lugha tuna la kusema, na labda wenzetu wa kemia watatusikiliza. Majina ya elementi katika lugha yoyote yalitangulia kemia kwa karne nyingi. Watu waliita vitu kwa rangi, kwa matumizi au kwa jina lililokuja na mfanyabiashara. Dhahabu na zebaki zote mbili zimetufikia kwa Kiarabu, ingawa zebaki inasemekana ilianzia Uajemi. Kirundi nacho kina inzahabu. Majina hayo hayana kosa. Lakini mengine yanampotosha mwanafunzi, na mwalimu asiyejua hesabu ya protoni hatagundua.

Angalia mabati. Nyumba nyingi za Gitega na Muyinga zimeezekwa kwa mabati, na Kirundi kinasema amabati. Mwanafunzi mwenye akili atadhani yametengenezwa kwa bati. Hayana bati hata kidogo. Ni karatasi za chuma, protoni 26, zilizopakwa zinki, protoni 30, ili zisishike kutu. Bati lenyewe lina protoni 50, nalo limechimbwa kwa miaka mingi kaskazini mwa nchi yetu. Angalia pia kalamu ya risasi. Ndani yake hamna risasi. Mna kaboni iliyochanganywa na udongo. Kaboni ina protoni 6, risasi ina 82. Mzazi akimkataza mtoto kutafuna kalamu kwa hofu ya sumu ya risasi, hofu yake imetoka katika jina. Na fedha? Elementi ya fedha ina protoni 47, lakini fedha tunazolipia nauli ya basi ni karatasi.

Mwanachuo mmoja aliniuliza kama basi tubadili majina haya. Mimi nasema hapana. Wazungumzaji hawatatii, na hakuna haja. Tunachoweza kufanya ni kumzoeza mwanafunzi kutaja elementi pamoja na namba yake pale ambapo usahihi unatakiwa: bati 50, chuma 26, zinki 30. Namba haina lahaja.

Kuhusu istilahi zenyewe, hatuanzi na sifuri. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, yaani TUKI, ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na anayetaka kufundisha mambo haya anapaswa kuwa nayo karibu. Vitabu havikubaliani katika kila tahajia. Utakutana na atomi na atomu, nyutroni na neutroni. Chagua moja uishike hadi mwisho wa muhula. Kinachomchanganya mwanafunzi ni mwalimu anayebadilisha ubaoni kila wiki. Katika ngeli, mimi naziweka zote katika I-ZI: protoni moja imetoka, protoni mbili zimetoka. Nimesikia wanachuo wakisema maelektroni. Siwachapi, ila nawauliza kama wanasema pia manguo.

Neno ninalolipenda kuliko yote ni kiini. Kila mtoto anakijua kiini cha yai. Lakini mwalimu awe na tahadhari mbili. Kwanza, somo la biolojia nalo linatumia kiini kwa sehemu ya katikati ya seli, nayo ni kubwa kuliko kiini cha atomi kwa mamia ya mamilioni ya mara. Pili, kiini cha yai kinajaza sehemu kubwa ya yai, na kiini cha atomi hakijazi kitu. Ukitumia mfano wa yai, malizia kwa mfano wa Uwanja wa Ingoma.

Nikeli ya Waga na kijana wa Manchester

Kwa wanafunzi wa Gitega nina mfano mwingine, na huu naupenda zaidi. Katika miaka ya 1970 watafiti walikuta nikeli katika ardhi yetu: Musongati, kusini-mashariki mwa hapa, na pia Waga, katika mkoa huuhuu wa Gitega. Pamoja na nikeli, udongo wa Musongati una kobalti na shaba. Tazama namba zao: kobalti 27, nikeli 28, shaba 29. Majirani watatu katika jedwali la elementi wamelala katika kilima kimoja.

Kobalti na nikeli ziliwahi kuwasumbua wataalamu. Mrusi Dmitri Mendeleev alipopanga jedwali lake mwaka 1869 aliwapanga elementi kwa uzito wa atomi, kutoka nyepesi hadi nzito. Kwa tabia zao kobalti inapaswa kutangulia nikeli. Lakini kwa uzito mambo yamepinduka: kobalti ni 58.93, nikeli ni 58.69. Aliye mzito anatangulia! Ilionekana kama kosa la mizani.

Aliyefumbua fumbo ni kijana Mwingereza Henry Moseley, aliyefanya kazi katika maabara ya Ernest Rutherford huko Manchester. Mwaka 1913 alipima miali ya eksirei inayotolewa na elementi moja baada ya nyingine, akaona kwamba miali hiyo inapanda hatua kwa hatua kufuatana na chaji ya kiini, si kufuatana na uzito. Kobalti ikatoka 27, nikeli 28. Jedwali halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kudhani kwamba uzito ndio unaopanga. Moseley aliuawa vitani Gallipoli mwezi wa Agosti 1915, akiwa na miaka 27. Nilipomweleza mwanafunzi mmoja jambo hili aliniambia, "Sawa na protoni za kobalti." Sikuwa nimeliona.

Kwa nini basi kobalti ni nzito zaidi? Kwa sababu ya nyutroni. Andika ubaoni: kobalti ina protoni 27 na nyutroni 32, jumla 59. Nikeli iliyo nyingi zaidi ina protoni 28 na nyutroni 30, jumla 58. Nikeli imezidi kwa protoni moja, imepungukiwa kwa nyutroni mbili. Hesabu hiyo hata darasa la 7 linaiweza. Moseley mwenyewe hakuweza kuieleza hivyo, kwani nyutroni iligunduliwa na James Chadwick mwaka 1932, wakati Moseley alikwisha kufa miaka 17.

Nyutroni zinaruhusiwa kutofautiana ndani ya elementi moja. Atomi zenye protoni sawa na nyutroni tofauti huitwa isotopi. Dhahabu ya asili ina isotopi moja tu, yenye nyutroni 118. Zebaki inazo saba zisizooza, na bati linaongoza elementi zote kwa kuwa na kumi. Kwa kazi za kila siku isotopi za elementi moja hazitofautiani, ila zipo zinazotofautiana hadi kutisha. Urani ina protoni 92. Iliyo nyingi ina nyutroni 146, na chini ya asilimia moja ina nyutroni 143. Hii ya pili kiini chake kinapasuka kwa urahisi na kuachia nguvu kubwa. Urani ya Shinkolobwe, huko Katanga, ilikuwa sehemu kubwa ya ile waliyoitumia Wamarekani kutengenezea mabomu ya mwaka 1945. Nyutroni tatu.

Yako mengine ya ndani zaidi. Protoni na nyutroni zenyewe zimeundwa kwa chembe ziitwazo kwaki, tatu kwa kila moja, wazo lililotolewa mwaka 1964. Elektroni, kwa kadiri ilivyopimwa, haina kitu ndani yake. Kwa darasa la 9 hayo yanatosha kutajwa tu.

Moto na kiini

Nirudi kwenye ubishi wa nyumbani kwa yule kijana. Je, zebaki ikichomwa inakwisha?

Katika machimbo mengi madogo ya Afrika Mashariki, Geita hadi Migori, mchimbaji huchanganya mchanga uliooshwa na zebaki katika karai. Zebaki inazikamata punje za dhahabu na kufanya donge la kijivu. Kisha donge linachomwa. Zebaki inachemka kwa nyuzi 357, ikatoka kama mvuke, dhahabu ikabaki. Macho yanaona zebaki imetoweka. Anayechoma, mara nyingi jikoni kwake, anaamini moto umeila.

Lakini moto haugusi kiini. Moto, asidi, sabuni, kutu, uchachu wa pombe, yote haya ni shughuli za elektroni za nje: zinahama, zinashirikiwa, zinarudi. Haragwe la katikati ya uwanja halina habari. Basi zebaki iliyochomwa bado ina protoni zake 80. Imepanda na mvuke, imeingia katika mapafu ya mchomaji na ya watoto waliokaa karibu, imetua juu ya paa, imeshuka na mvua hadi mtoni. Huko vijidudu vya tope huigeuza kuwa aina ya zebaki inayoingia katika samaki na kutoka humo kuingia kwa mlaji. Inaharibu neva na figo, na mtoto aliye tumboni ndiye anayeumia zaidi. Huko Minamata, Japani, ambako maradhi ya namna hii yalitambuliwa mwaka 1956, zebaki ilitoka kiwandani na kuwafikia watu kwa njia ya samaki. Mji huo ndio uliotoa jina la Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ulioanza kutumika 2017.

Kiini kubadilika kinaweza, lakini si kwa moto. Mwaka 1941 wanafizikia wa Marekani waliishambulia zebaki kwa nyutroni za kasi, wakapata dhahabu kiduchu, tena ya mionzi, isiyodumu. Na mwaka 2025 watafiti wa CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, walitangaza kwamba katika mashine yao kubwa viini vya risasi, protoni 82, vilipopishana kwa karibu sana vilikuwa vikipoteza protoni tatu na kuwa dhahabu. Kwa kazi ya mwaka 2015 hadi 2018 walipata viini bilioni 86 hivi. Uzito wake wote ni sehemu 29 za trilioni ya gramu. Atakayekujia kwa siri na dawa ya kugeuza zebaki kuwa dhahabu juu ya jiko la makaa, muulize mashine yake ina ukubwa gani. Ile ya CERN ina mzingo wa kilomita 27.

Mchimbaji anayejali anaweza kutumia retoti, chombo kilichofungwa ambacho mvuke unapita ndani yake, unapoa, na zebaki inarudi kuwa kimiminiko. Hapo tena namba 80 inaonekana kwa macho: kilichopanda ndicho kinachoshuka.

Mwezi mmoja baadaye nilirudi Muyinga kwa ukaguzi wa pili. Nilimwomba mwanachuo anipe dakika kumi za mwisho wa kipindi, nikachora uwanja wa mpira ubaoni na punje ya haragwe katikati. Yule kijana alikuwepo. Akaikamilisha sentensi yake: dhahabu na zebaki zinatofautiana kwa protoni moja. Nilipomwuliza habari za kichupa, akasema mama yao alikasirika akakichukua na kukimwaga kwenye shimo nyuma ya nyumba, chini ya migomba. Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anahesabu, kisha akasema, "Kwa hiyo bado ni themanini."

Mwanachuo alimpa alama zote. Baada ya kipindi tulikwenda sote watatu kwa mkuu wa shule kuuliza nani katika mji anayehusika na mambo kama hayo, maana ndizi za migomba ile zinaliwa.